Mchoro wa biashara yako unaficha nini? Vile utaukagua upate penye masaa yanapotelea

Tuseme uko na hadwea Nakuru, huko Industrial Area ama hapo ukitoka kuelekea Njoro, unauza simiti, mabati, misumari, rangi, na oda kubwa unapelekea mteja mpaka saiti. Mtu ashawahi kukuchorea vile oda inatembea, kutoka mteja atume listi mpaka asaini delivari, mchoro uko kwa laptop ama umebandikwa ukutani, na bado simu za "vitu zangu zimefika wapi" haziishi. Huo mchoro si wa kurembesha ofisi. Ukijua kuusoma unakuonyesha mahali masaa yanaenda, na mara nyingi si pale wewe unashuku.

Nitashika hiyo hadwea kama mfano mpaka mwisho. Namba ni za mfano tu, wewe utaweka zako, na kama unatengeneza fanicha Kibuye kule Kisumu ama unakusanya maziwa ya wakulima Bungoma njia ni hiyo hiyo.

Jambo moja nikuambie mapema. Watu wakipewa mchoro huangalia maboksi, yaani kazi zenyewe, wanaanza kuuliza nani mzembe. Angalia mishale. Boksi ni mtu anafanya kazi, mshale ni kazi imelala inangoja mtu, na masaa mengi yako kwa mshale, na hakuna mtu huulizwa juu ya mshale ju hauna jina la mtu.

Hatua ya kwanza: hakikisha mchoro ni wa ukweli

Michoro mingi huchorwa kwa ofisi ya mdosi, na mdosi huelezea venye kazi inafaa kwenda, si venye inaenda. Kwa hivyo kabla ukague chochote, chukua oda moja ya leo uifuate kwa miguu. Simama kaunta, halafu keshia, halafu stoo, halafu ukae kwa kanta, ile lori ya kupeleka vitu, na dereva ukiweza. Usiulize "huwa mnafanya aje", uliza "hii hapa, umeipata saa ngapi, umeifanyia nini, na sasa unampa nani". Ukiuliza swali la kwanza utapewa jibu la mtihani, la pili watakuambia ukweli bila kujua.

Utapata vitu haviko kwa mchoro kabisa. Kwamba kaunta akikosa jibu la stoo hutuma kijana mbio akaangalie na macho. Kwamba kuna kitabu kingine cha wale wateja wa mkopo, kinakaa kwa droo. Kwamba dereva hupiga simu kwa mteja mwenyewe kuuliza njia ju kwa delivari note imeandikwa "Njoro" peke yake, na Njoro ni kubwa bana. Hizo zote chora. Zile njia za kando ndio zinakula muda.

Kama mchoro wako unafuata BPMN (ile lugha ya michoro inasimamiwa na Object Management Group, toleo la 2.0 lilitoka 2011 na mwaka wa 2013 ikakubaliwa kama ISO 19510), alama si ngumu: duara la mstari mwembamba ni mwanzo, la mstari mnene ni mwisho, boksi lenye kona za mviringo ni kazi, almasi ni njia panda, na leni ndefu ni watu ama idara. Si lazima ununue programu, bpmn.io inafunguka kwa brauza bure, draw.io pia, na manila pepa na kalamu ya wino mnene inatosha kabisa. Hadwea yetu iko na leni sita: mteja, kaunta, mdosi, keshia, stoo, dereva.

Hatua ya pili: kagua almasi

Hii ni fupi lakini usiiruke, ju mchoro wenye almasi mbovu utakupa hesabu mbovu huko mbele.

Almasi yenye X maana yake ni njia moja peke yake inafuatwa. Almasi yenye alama ya kujumlisha maana yake njia zote zinaenda pamoja. Shida inakuja mahali njia zinakutana tena. Ukigawanya na X, tuseme mteja analipa kwa till ya M-Pesa AMA kwa cheki, halafu ukakutanisha na ya kujumlisha, umesema oda ingoje malipo yote mawili ndio isonge, na hayo mawili hayatawahi kuja, oda imekwama hapo milele. Ukigawanya na ya kujumlisha, stoo anatoa vitu huku keshia anatoa risiti, halafu ukakutanisha na X, kazi ya mbele inaanzishwa mara mbili, ndio unasikia mteja amepelekewa simiti leo na kesho tena. Si mambo ya karatasi tu, ukipata kosa kama hilo kwa mchoro enda uulize kama hata kwa ukweli liko.

Halafu soma maneno yameandikwa kando ya kila njia. "Kama iko sawa" si sheria, kila mtu ako na sawa yake. "Kama diskaunti imepita asilimia 3" hiyo ni sheria. Na uliza kila almasi: je, isipokuwa hivi wala vile? Meseji ya M-Pesa ikichelewa, nani anaamua? Kama mchoro hauna jibu basi jibu ni mdosi, na mdosi ako shamba Subukia na simu haishiki.

Hatua ya tatu: weka muda, na utenganishe kazi na kungoja

Hapa ndio penye nyama, usikimbie.

Watu husema hawana data. Unayo, tena bure. Listi ya mteja kwa WhatsApp iko na saa. Jibu la kwotesheni liko na saa. Meseji ya M-Pesa iko na tarehe na saa. Invoisi ya eTIMS (ile sistimu ya KRA ya invoisi za ushuru) ina muda wake. Penye hakuna saa ni stoo na delivari note tu, na hapo unaambia watu waandike saa na kalamu juu ya karatasi, saa imefika na saa imetoka, wiki mbili tu. Halafu unaingiza kwa Excel, mstari mmoja kwa kila oda, safu moja kwa kila hatua. Si lazima zikuwe mia tano, oda thelathini zimeandikwa vizuri zinakufungua macho kuliko mwaka mzima wa kubahatisha.

Tuseme umepata hivi kwa wastani. Kazi zenyewe: kaunta kuandika kwotesheni dakika 15, mdosi kukubali diskaunti dakika 2, keshia kuhakikisha pesa na kutoa risiti dakika 3, stoo kutoa vitu dakika 40, kupakia dakika 30, safari mpaka saiti dakika 60. Jumla 150, yaani masaa mawili na nusu.

Sasa mishale. Listi imekaa kwa WhatsApp kabla ionekane dakika 45. Kwotesheni imengoja mdosi dakika 180. Kungoja malipo yaonekane 30. Karatasi imelala kwa foleni ya stoo 75. Vitu vimetolewa viko chini vinangoja kanta ijae oda za upande huo 240. Jumla dakika 570.

Kazi 150, kungoja 570, zote pamoja 720, masaa 12 ya kazi. Gawanya 150 kwa 720, unapata kama asilimia 21. Yaani kwa kila saa oda iko ndani ya duka lako, inashughulikiwa kama dakika 12 na nusu, zingine zote imelala. Ukimfokea kijana wa stoo akimbie zaidi mpaka apunguze dakika 40 ziwe 35, umeokoa dakika tano kwa 720. Umemchosha bure.

Usiamini hizo namba kabla uzipime na kitu kingine. Kuna sheria moja rahisi ilithibitishwa na John Little mwaka wa 1961: idadi ya kazi ziko ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda kila moja inakaa. Kama unapokea oda 10 kwa siku, na kila oda inakaa masaa 12, na siku yako ya kazi ni masaa 8, basi kila moja inakaa siku moja na nusu, na wakati wowote unafaa kupata oda 15 hazijamalizika. Enda uzihesabu, kwa trei, kwa meza ya keshia, kwa simu ya kaunta, kwa dashibodi ya kanta. Fanya hivyo siku kadhaa. Ukipata 15 hivi, poa. Ukipata 17, kuna oda zinakaa zaidi ya vile umeandika, na mara nyingi ni hizi za hatua inayofuata.

Hatua ya nne: tafuta mishale inarudi nyuma

Kila mshale unaorudi kushoto kwa mchoro uupake rangi nyekundu. Kwa hadwea yetu uko mmoja mkubwa: stoo amefika kwa rafu amekuta mabati ya geji 30 rangi ya maruni hayako, anarudisha karatasi kaunta, kaunta anapigia mteja, mteja anachagua ingine, bei inabadilika, mdosi anakubali tena, inaanza upya.

Kama oda 20 kwa 100 zinarudi hivyo, hesabu yake ni muda wa hicho kipande kugawanya kwa moja kutoa 0.2. Kipande chenyewe kutoka kwotesheni mpaka stoo ni 15 na 180 na 2 na 30 na 3 na 75 na 40, jumla dakika 345. Gawanya kwa 0.8, unapata kama 431. Kumbe oda ya wastani inakaa dakika 806, si 720. Na 806 kwa siku ya dakika 480, mara oda 10, inakuletea karibu 17, zile mbili za ziada umezihesabu kwa trei ndio hizi.

Hatua ya tano: nani amejaa

Chukua kila leni upige hesabu ya siku. Stoo: oda 10 mara dakika 40 ni 400, na siku ni 480, amejaa asilimia 83. Inakaa sawa, si ndio? Lakini weka zile zinarudi, dakika 40 gawanya kwa 0.8 ni 50, mara 10 ni 500. Siku ni 480. Kila siku anaingia deni la dakika 20 hata asipokunywa chai, na hilo deni ndio foleni yake.

Hata kabla mtu ajae kabisa foleni huwa imeshaharibika. Kwa ile hesabu ya kawaida ya foleni, mhudumu mmoja na kazi zinaingia ovyo ovyo bila ratiba, mtu akijaa asilimia 80 kazi inangoja kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa, akijaa 90 inangoja mara 9. Ndio maana wadosi huchanganyikiwa, "jana ilikuwa sawa, leo oda moja tu imeongezeka na kila kitu kimesimama".

Ona sasa. Kila mtu kwa duka anasema mtu wa stoo hujivuta, na mdosi anafikiria kumwandikia msaidizi. Lakini yeye hajaharibu chochote, amebebeshwa mshale mwekundu wa mtu mwingine. Ukiajiri msaidizi umelipa mshahara wa kila mwezi kusafisha kosa la kitabu cha stoki, utaliona hatua inayofuata.

Hatua ya sita: uliza kwa nini, mpaka iishe

Ile njia ya Toyota ya kuuliza kwa nini mara tano inafanya kazi vizuri hapa, bora usiishie kwa jina la mtu. Oda imerudi kwa nini? Mabati hayako. Mbona kaunta aliuza kitu hakiko? Kitabu kilisema kiko. Mbona kitabu kilidanganya? Mauzo ya kaunta ya tangu asubuhi hayajatolewa. Mbona? Huandikwa jioni yote pamoja. Mbona jioni? Ju kitabu ni kimoja na kinakaa stoo, kaunta hana njia ya kukiandika mchana. Haya, hiyo ndio shida yako, na dawa yake ni karatasi moja ya Google Sheets simu mbili zinaifungua, ama programu ya mauzo kama unayo, si mfanyakazi mpya.

Pia tembea kwa kila boksi ukiuliza: mteja angelipia hii kama angejua iko? Kutoa vitu, kupakia, kusafirisha, ndio. Kuandika listi ile ile kwa WhatsApp, tena kwa kitabu cha kaunta, tena kwa eTIMS, tena kwa kitabu cha stoo, tena kwa delivari note, hapana, na kila mara inaandikwa upya geji 28 inageuka 30.

Lakini usiwe na mkono mwepesi wa kufuta. Kuna hatua mteja hajali na wewe unazihitaji. Invoisi ya eTIMS ni sheria, iache. Keshia kuangalia pesa imeingia kwa till yenu badala ya kusoma meseji kwa simu ya mteja inakaa kama kuchelewesha watu, ila meseji feki za M-Pesa ziko mpaka leo, iache pia. Na mtu anayepokea pesa asiwe ndiye anatoa vitu stoo, hata kama ingeokoa muda. Mshauri yeyote akikuambia uunganishe hizo mbili muulize kama ashawahi kumiliki duka.

Hatua ya saba: badilisha, ukijua unavuta upande gani

Kila badiliko linavuta pembe nne: muda, gharama, ubora, na uwezo wa kukubali mambo tofauti tofauti. Ukivuta moja ingine inasogea, kwa hivyo andika kabisa kando ya kila wazo ni pembe gani inaumia.

Kwa hadwea yetu ningeanza na diskaunti. Kaunta apewe uhuru mpaka asilimia 3, zaidi ya hapo ndio aulize mdosi. Kama kwotesheni 8 kwa 10 ziko chini ya hapo, kungoja kwa wastani kunatoka dakika 180 kunafika 36, ju ni mbili tu kwa kumi zinangoja. Gharama ni kwamba pengine kaunta atakuwa mkarimu kidogo, kwa hivyo mdosi aangalie listi ya diskaunti kila Ijumaa badala ya kila oda.

Ya pili, swali la stoki liende mbele, kabla ya kwotesheni. Kanuni ni kwamba ukaguzi unaokataa kazi nyingi na hauna gharama unawekwa wa kwanza. Ukijua kitu hakiko baada ya mteja kulipa umejitafutia makelele. Tuseme hiyo na ile Sheets zinapunguza zinazorudi kutoka 20 mpaka 5 kwa 100. Kile kipande sasa ni dakika 201 gawanya kwa 0.95, kama 212. Ilikuwa 431. Stoo sasa anabeba kama dakika 421 kwa siku, asilimia 88, bado ni juu lakini deni limeisha, na ukimtolea vitu vidogo vidogo, misumari na bawaba na brashi, vikae kaunta, anapumua.

Ya tatu ni kanta, na hapa lazima ufikirie. Kungoja ijae kunakula dakika 240, kubwa kuliko zote, lakini kutuma kanta nusu tupu mpaka Molo ni dizeli yako. Wengine hupendelea ratiba: Njoro, Elburgon na Molo saa nane mchana, Bahati na Subukia asubuhi, ijae isijae, na oda za karibu kama Free Area ama Section 58 ziende na tuktuk. Uzuri wa ratiba ni kwamba hata muda usipopungua sana, mteja anajua saa, na zile simu zinapungua. Mimi ningeijaribu na upande mmoja kwanza.

Kuna kitu kingine huwa hakigharimu: kufanya pamoja vitu vilivyokuwa vinafuatana. Kwa mteja wa kila siku, stoo anaweza kuanza kutoa vitu huku keshia anangoja malipo, na muda unakuwa wa ile ndefu kati ya hizo mbili badala ya jumla yao. Kwa mteja mgeni usifanye hivyo.

Na kompyuta? Ukiweka sistimu juu ya mchakato wenye mshale mwekundu utarudisha oda haraka zaidi, basi. Nyoosha kwanza.

Hatua ya nane: jaribu, pima, chora tena

Usibadilishe yote Jumatatu moja, hutajua nini ilisaidia. Moja, wiki mbili, na saa zile zile zinaandikwa kwa karatasi zile zile. Usilinganishe wastani peke yake, angalia pia oda iliyochelewa kuliko zote, ju mteja wa hiyo ndiye ataongea vibaya. Na usipime mwezi wa Desemba halafu ulinganishe na Januari ya karo, hapo utajidanganya.

Mchoro wa zamani usitupe, uandike tarehe uweke. Chora mpya na namba mpya kando ya kila mshale, halafu tafuta mshale mrefu unaofuata. Foleni haiishi, inahama. Stoo akishapumua vitu vitaanza kurundikana hapo nje kwa wapakiaji, na mtu ataanza kusema wapakiaji ni wavivu. Kabla umjibu, pima kwanza kanta inafika saa ngapi.